Jumamosi Tuliyofungwa Ugenini

Mama alizikwa saa nane mchana wa Jumamosi, saa za kwetu Taita. Huku Toronto ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, bado giza, nami nilikuwa ndani ya basi la barabara ya Finch nikienda kazini.

Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, vidude vya kusikilizia vimeingia masikioni. Upande wa pili, binamu yangu ndiye aliyekuwa ameshika simu. Aliniahidi kwamba angenionyesha kila kitu, lakini watu walikuwa wengi na mkono wake ulichoka haraka, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazishi niliyoyaona ilikuwa migongo ya watu na mbingu. Nilimsikia mchungaji. Niliona ncha ya jeneza na kitambaa cheupe. Walipoanza kulishusha, picha ikaganda. Iliganda kwenye kiatu cha mwanamume mmoja, kiatu cheusi kilichojaa udongo mwekundu, na sauti ikaendelea bila picha. Watu walikuwa wanaimba. Mtu alikuwa analia, nadhani dada yangu. Basi lilikuwa limesimama kwenye taa. Mwanamke aliyekaa karibu nami alikuwa amelala, kichwa chake kikigonga kioo cha dirisha taratibu.

Picha iliporudi, vijana walikuwa wanajaza udongo kwa sepetu.

"Umeona?" binamu akaniuliza, akiugeuzia uso wake kamera.

"Nimeona," nikamwambia.

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaitia mfukoni. Vituo viwili baadaye nikashuka ili kubadilisha basi.

Sababu ya kutokwenda kumzika ni fupi. Nilikuwa nimeomba hifadhi Kanada na kesi yangu ilikuwa haijasikilizwa. Mtu akirudi kule alikosema anakukimbia, kesi yake imekwisha. Dada yangu alilijua hilo. Siku mama alipofariki alinipigia, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Wewe usije. Mama mwenyewe alisema usije." Sijui kama mama alisema kweli au ni dada aliyenionea huruma. Sijamuuliza mpaka leo.

Kwa nini nilikwenda kazini siku ile, hilo ni gumu zaidi kulieleza. Wakala walionipa kazi ya kuhudumia wazee wangeniruhusu kupumzika kama ningeomba. Sikuomba. Sare yangu nilikuwa nimeipiga pasi tangu Ijumaa. Saa ilipolia niliamka, nikaoga, nikafunga chakula changu. Siku sita zilikuwa zimepita tangu nipate habari ya kifo na sikuwa nimelia hata mara moja. Nilikula, nililala, nilipanda mabasi. Niliwahi kung'olewa jino kwa sindano ya ganzi, nikawa najigusa shavu nikijua ni langu ilhali halisikii kitu. Nilikuwa hivyo mwili mzima.

Mzee niliyekuwa nikimhudumia mwisho wa wiki alikuwa Mgoa wa Kenya, wazazi wake walitoka Goa kule India, mtu wa miaka themanini na mitano, akiishi na mwanawe katika nyumba kubwa kule Markham. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Ujana wake aliutumia katika shirika la reli, na kwa miaka kadhaa alikuwa mkuu wa stesheni ya Voi, mji ulio chini ya milima yetu. Siku yangu ya kwanza nyumbani kwake, nilipomwambia natoka Taita, alinitazama kwa muda, kisha akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Wanawake wa kwenu bado wanashusha kabichi stesheni?"

Nilimwambia kabichi siku hizi zinasafiri kwa lori.

"Lori!" akasema, kama mtu aliyetukanwa. Tangu hapo aliwaambia wakala hataki mtu mwingine Jumamosi wala Jumapili.

Mzee huyu alikuwa mgonjwa wa mpira. Nasema mpira, lakini si ule wa miguu niliokua nao. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya kuvimbishwa. Timu yake ilikuwa ya mji mmoja ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Mwaka wake wa kwanza Kanada, wenzake wa ofisini walimpeleka uwanjani huko, akakaa kwenye theluji mchana kutwa, akarudi na homa, na tangu siku hiyo hakuiacha. Alinifundisha sheria zake msimu mzima. Wana nafasi nne za kusogea yadi kumi. Wakifaulu wanapewa nne nyingine, wakishindwa wanawaachia wenzao mpira. Nilimlalamikia kwamba wanasimama zaidi kuliko wanavyocheza.

"Hata treni inasimama kila mahali," akanijibu. "Wewe panda tu."

Siku hiyo nilifika saa mbili. Mwanawe, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuwa tayari amevaa koti, anawapeleka watoto kwenye mazoezi yao ya kutwa. Alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Tukasalimiana, akaondoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Funga mlango, baridi inaingia. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

Nilimwogesha. Nilimnyoa ndevu, nikauvuta ule upande wa uso uliolegea ili wembe upite vizuri. Nilimvalisha suruali yake ya kijivu, kwa sababu suruali za lastiki alikuwa amezikataa kabisa, anasema ni za wagonjwa. Nikamshika mkanda kwa nyuma akasukuma fremu yake ya kutembelea hadi sebuleni, hatua moja moja. Nilimpa dawa za asubuhi. Kila kitu nilikifanya sawasawa. Nakumbuka nilishangaa kwa mbali jinsi mikono yangu ilivyojua kazi bila mimi.

"Leo umenyamaza," akasema nilipokuwa namkunjulia blanketi magotini.

"Ni baridi tu, Mzee."

Saa sita nilimpashia wali na mchuzi wa samaki alioachiwa na mkwewe. Saa saba kasoro alitaka kofia yake ya sufu yenye rangi za timu. Kwa kawaida hucheza Jumapili, lakini mwishoni mwa Desemba huwa wanachezeshwa hata Jumamosi. Nikawasha televisheni, nikakaa kwenye kiti cha mbao nyuma yake kidogo, mahali pangu pa kila siku, niweze kumdaka akianza kuegemea.

"Leo tuko ugenini," akasema. Hakuwahi kusema timu iko. Alisema tuko.

Uwanja ulikuwa umejaa rangi za wenyeji. Timu yetu ilipokuwa na mpira, watu walipiga kelele mpaka kipaza sauti cha mtangazaji kikawa kinakwaruza. Wenyeji walipochukua mpira, uwanja wote ulinyamaza kama kanisa.

"Unaona?" Mzee akasema, akinyoosha mkono wake mzima kwenye skrini. "Wanafanya makusudi. Wetu wasisikizane. Yule mrushaji anawapigia wenzake kelele na hawamsikii, na wamesimama naye hapo hapo."

"Sasa wanajuaje la kufanya?"

"Kwa ishara. Tazama mguu wake. Akiuinua, wanahesabu kimoyomoyo."

Nikautazama mguu wa mrushaji. Ukainuka, ukashuka, wakagongana wote kwa pamoja, wakaanguka, filimbi ikalia. Wakainuka. Ukainuka tena.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa mama mkubwa, dada yake mama. Kule ilikuwa yapata saa tatu na nusu usiku, wageni wengi wangekuwa wameshaondoka. Niliipokea pale pale kitini. Katika nyumba nyingine nilizokuwa nikifanyia kazi, niliweza kuongea Kiswahili mbele ya mtu na ikawa kama nimo chumbani peke yangu. Nilizoea hivyo. Siku hiyo nilisahau niko kwa nani.

"Ndiyo, mama mkubwa," nikasema. "Asante. Ndiyo, niliona kwenye simu. Tumemzika vizuri, namshukuru Mungu. Hapana, sijalia. Nitakula. Ndiyo. Na ninyi laleni, mmechoka."

Nilipokata simu, sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa. Mzee alikuwa na kidhibiti mkononi. Hakuweza kugeuka vizuri, kwa hiyo alizungumza akitazama mbele, kwenye wachezaji waliokuwa wakikimbia kimya.

"Nani amezikwa?"

"Mama yangu."

"Lini?"

"Leo. Leo asubuhi. Asubuhi ya huku."

"Na wewe uko hapa?"

"Niko kazini, Mzee."

Nilifikiri amekasirika, kwa sababu shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. Kisha akasema, "Njoo mbele nikuone."

Nikaenda nikasimama kati yake na televisheni. Akanitazama, akaniambia, "Vua hizo glavu." Sikujua kwamba bado nilikuwa nimevaa glavu tangu nilipoosha vyombo. Nikazivua, nikawa nimezishika.

"Nitampigia mwanangu aje. Wewe nenda nyumbani ukapumzike."

"Nikapumzike wapi, Mzee? Mwenzangu ninayekaa naye yuko zamu kiwandani mpaka jioni. Chumbani hakuna mtu."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

Akalifikiria hilo. Mkono wake mzima ulikuwa ukipapasa blanketi. "Nilipokuwa Voi," akasema, "mfanyakazi mmoja wa reli alifiwa na mkewe. Nikampelekea barua ya pole na ruhusa ya siku tatu, nikaona nimemaliza. Karani wangu, Mtaita, akaniambia, bwana, barua hailiki wala haikai na mtu. Akanipeleka kule juu. Nikakuta watu wamekaa tu. Hawaongei sana. Wamekaa."

"Ndivyo tunavyofanya."

"Basi tukae," akasema. "Lete hicho kiti hapa karibu yangu. Hapana, hicho kigumu. Kaa kwenye sofa."

Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye lile sofa. Nilikaa pembeni kabisa, magoti yangu pamoja. Akaniuliza kama nasali Rozari. Nikamwambia mimi ni Mwanglikana. Akasema haidhuru, Mama wa Yesu hajali. Akaanza kwa Kiswahili, ile sala aliyoijulia shuleni Mombasa, akaenda nayo vizuri mara mbili, mara ya tatu akasahau katikati, akaendelea kwa Kiingereza, na mwisho kwa lugha ya wazazi wake nisiyoijua. Mimi niliitikia amina kila aliponyamaza. Kwenye skrini mtu aliruka juu, akadaka mpira kwa mkono mmoja, akaanguka nao nje ya mstari.

"Alikuwa mtu wa namna gani, mama yako?"

Nilimweleza. Nilimwambia alilima kabichi na viazi katika shamba la mteremko, mpaka mguu mmoja ukawa umezoea kuwa chini ya mwenzake. Hakupenda simu. Alikuwa akipaza sauti ndani ya simu kama anamwita mtu bonde la pili. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniuliza kama theluji huwa inalowesha ikianguka. Nikamwambia hapana, inalowesha ikiyeyuka. Akasema, sasa ina faida gani. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, mbali na kuagana.

Niliyasema haya kwa sauti ileile ninayotumia kumpa nesi taarifa, kwamba mgonjwa amekula nusu, amekunywa maji glasi mbili. Mzee alicheka kidogo kwenye ile habari ya theluji, kisha macho yake yakajaa machozi, yakamtiririka upande uliolegea bila yeye kuyazuia. Nikachukua karatasi laini nikampangusa. Ndiye aliyemlilia mama yangu siku hiyo, na mimi nikamfuta. Nilijua ni jambo la kugusa moyo. Nilijua tu, kama mtu anavyojua jina la mtaa.

Tukakaa. Nje theluji ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya mchana. Baada ya muda mrefu nikamuuliza, "Hurudishi sauti?"

"Unataka?"

"Rudisha, Mzee. Ni robo ya mwisho."

Akabonyeza, na kelele zikajaa sebuleni. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Dakika zilikuwa mbili na kidogo, mpira uko kwetu, na zimebaki yadi nyingi. Wakasogea kidogo kidogo. Mzee aliacha kuegemea. Mimi nilijikuta nahesabu, nafasi ya kwanza, ya pili. Yadi kumi tena. Wakafika karibu kabisa. Uwanja mzima ulikuwa umesimama unapiga kelele, watu wamejipaka rangi usoni, wengine wanapiga viti kwa mikono. Nafasi ya nne, imebaki yadi mbili tu. Mrushaji akaziba kofia yake kwa viganja viwili, pale masikio yalipo, akipiga kelele kwa watu wake. Nikautazama mguu. Kabla haujainuka, mmoja wa wale wakubwa wa mbele akashtuka akaondoka peke yake.

Filimbi. Wakarudishwa nyuma yadi tano.

"Hakusikia!" Mzee akapiga mkono wa kiti. "Maskini, hakusikia!"

Walipoanza tena, mrushaji aliutupa mbali, kona ya uwanja, na mpira ukapita juu ya vidole vya mwenziwe ukaanguka chini. Wenyeji wakakumbatiana. Ishirini kwa ishirini na nne.

Mzee akavua kofia yake ya sufu. Nywele zake chache zilikuwa zimesimama. Akanigeukia kadiri alivyoweza, uso umejaa aibu.

"Nisamehe, binti. Mama yako yuko kaburini na mimi napiga kelele za mpira."

"Walikuwa wameshakaribia," nikasema. "Kama asingeondoka mapema wangeingia."

"Wangeingia," akakubali.

Nikamchukua kwenda msalani, kisha nikamtengenezea chai ya maziwa. Kwa mara ya kwanza alitaka nami ninywe pamoja naye, na akangojea nikae ndipo akanyanyua kikombe.

Mwanawe alirudi saa kumi na moja. Niliwasikia wakizungumza kwa Kiingereza ukumbini, mzee kwa sauti ya chini, mwana akiuliza na kuuliza tena. Akaja jikoni nilipokuwa nasuuza vikombe. Viatu vyake vya theluji vilikuwa vinadondosha maji sakafuni. Kisha akasema, "Pole," kwa matamshi mazito. Akachukua funguo za gari. Hakuuliza kama nataka kupelekwa.

Kutoka Markham hadi mtaani kwetu, Jane na Finch, ni mwendo mfupi kwa gari, ukilinganisha na mabasi. Vifuta kioo vilikuwa vinakwenda. Halafu, macho yake yakiwa barabarani, akaniuliza mpira ulikwendaje.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiingereza changu, pole pole, kuanzia robo ya kwanza: yule aliyedaka kwa mkono mmoja, kelele, mguu wa mrushaji, yule mkubwa aliyeshtuka. Kila nilipofika mwisho wa sentensi aliniuliza jambo. Walikuwa wamebakiza yadi ngapi? Alirusha upande gani? Kocha alifanya nini? Nilijibu yote. Niliongea kuliko nilivyokuwa nimeongea wiki nzima, mpaka tukafika mbele ya jengo letu, na hata hapo nilibaki garini nikimalizia ile nafasi ya nne.

Miezi kadhaa baadaye mzee aliniambia kwamba mwanawe alikuwa ameusikiliza mchezo wote redioni, akiwa amekaa ndani ya gari nje ya uwanja wa mazoezi ya watoto. Alijua matokeo kabla hajafungua mlango wa nyumba.

Siku iliyofuata mazishi, mzee na mwanawe walinikataza kwenda kazini. Mwenzangu, Mrundi, alinipeleka kanisani kwao, wakanitaja kwenye maombi, na wanawake wanne nisiowajua vizuri wakanifuata nyumbani na sufuria la maharage. Walikaa mpaka alasiri. Kesi yangu ilisikilizwa mwaka uliofuata, nikakubaliwa. Kulia nililia baadaye, si sana, siku isiyo na maana yoyote, nikiwa nakunja nguo.

Lakini Jumapili ile, kabla ya kwenda kanisani, dada yangu alinipigia. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alinieleza nani alikuja na nani hakuja, na kwamba mvua ilinyesha mara walipomaliza. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi tukimzika?"

"Kwenye basi."

"Na baada ya hapo?"

Nilifikiria kumdanganya. "Nilikuwa naangalia mpira na mzee ninayemtunza."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anaburuta viti.

"Nani alishinda?" akauliza.

"Tulifungwa."

"Ninyi na nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mzee, na stesheni ya Voi, na Rozari iliyosahaulika katikati. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nimsalimie sana. Kisha akasema kuna watu wanaingia langoni, anakwenda kuwawekea chai.